Tusizifungie mlango riwaya za wanyonya damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuma mawili yaliyopita, akitaka riwaya za mapenzi zinazowahusu wanyonya damu (wale wafu wa hadithini wanaoamka usiku kunywa damu ya watu, vampire kwa Kiingereza) ziondolewe katika maktaba za shule na hata juu ya meza za wauza vitabu, kwa hoja kwamba zinawafundisha vijana ushetani na kwamba hazimhusu Mwafrika hata kidogo. Mimi ni mmoja wa hao wauza vitabu. Nina meza ya vitabu vya mtumba hapa Jinja, si mbali na soko kuu, na kwa miaka 11 riwaya hizo nimeziuza, nimezikodisha, na nimezisoma moja baada ya nyingine kila biashara inapopoa. Simtilii shaka mwenzangu kuhusu nia yake njema. Ninachokiona ni kwamba amehukumu kwa jalada, na majalada yenyewe, nakiri, hayasaidii: kifua wazi cha mwanamume, shingo ya mwanamke, tone jekundu.

Ndani ya majalada hayo mna nini, basi? Mwaka 2001 mwandishi wa Marekani, Charlaine Harris, alianza mfululizo uliofika juzuu 13 kabla haujafungwa mwaka 2013. Mhusika wake mkuu ni msichana anayehudumu katika baa ya mji mdogo wa jimbo la Louisiana, na mzigo wake ni kwamba husikia mawazo ya kila mtu aliye karibu naye: tamaa za walevi, chuki za majirani, uongo wa mwanamume anayemtongoza. Katika ulimwengu huo Wajapani wamekwisha kutengeneza damu isiyotoka kwa binadamu, kwa hiyo wanyonya damu wamejitokeza hadharani, wananunua chakula chao kikiwa ndani ya chupa na kudai haki kama raia wengine. Usiku mmoja anaingia mnyonya damu katika baa ile, na msichana anagundua kwamba kichwani mwa mgeni huyo hasikii kitu. Ni kimya kabisa. Ukimya huo ndio unaoanza kumvuta. Nimesoma riwaya nyingi za mapenzi, na ni chache sana zilizonipa sababu ya kupenda iliyonigusa kama hiyo, ya mtu aliyechoshwa na makelele ya watu wote kupata hatimaye mmoja ambaye anaweza kukaa naye akapumzika.

Wengine wamekwenda kwenye vichekesho zaidi. MaryJanice Davidson, ambaye mfululizo wake ulianza mwaka 2004, anatupa mwanamke wa Minnesota aliyegongwa na gari akafa, kisha akaamka mahali pa kuandalia maiti, na miongoni mwa mambo yanayomtia uchungu ni kwamba amevalishwa viatu vya bei ya chini. Kerrelyn Sparks, aliyeanza wake mwaka 2005, anatuletea mwanamume aliyeishi karne nyingi, tajiri aliyefanikiwa kutengeneza damu bandia, ambaye amepoteza chonge moja na hana budi kupata daktari wa meno kabla ya alfajiri. Daktari anayempata ni mwanamke anayeogopa kuona damu. Hapo ndipo ulipo ufundi wa riwaya hizi. Kitu ambacho kwa karne nzima kilisimuliwa kwa sauti ya chini, mwandishi anakishusha ngomeni na kukikalisha kwenye kiti cha daktari wa meno kama mimi na wewe, kikiwa kimeshika shavu, kikiuliza itauma kiasi gani. Ukishamwona hivyo, huwezi kumwogopa tena kwa namna ileile, na nafasi iliyoachwa na hofu ndiyo inayoingiwa na mapenzi.

Mteja wangu wa muda mrefu zaidi wa riwaya hizi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Huja kila Jumamosi saa mbili asubuhi akitoka kazini, macho mekundu, mkononi ana juzuu aliyoimaliza, ameifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani ili abiria wenzake ndani ya teksi wasione picha ya jalada. Ananipa shilingi 2,000 na kuchukua nyingine. Vitabu hivi hutufikia ndani ya marobota bila mpangilio wowote, kwa hiyo amesoma juzuu ya nne kabla ya ile ya pili, na ya tatu hatujaipata hadi leo. Pengo hilo amelijaza mwenyewe. Siku moja alinisimulia juzuu hiyo ya tatu kama alivyoitunga kichwani, mwanzo hadi mwisho, akiwa amesimama mbele ya meza na mfuko wa sare yake begani, na kusema kweli nilisahau kumwuliza kama angependa kukaa. Nilipomwuliza kwa nini wanyonya damu hasa, wakati nina mamia ya riwaya za mapenzi ya watu wa kawaida, alinijibu: “Mzee, huyu bwana analala mchana kama mimi. Majirani wanamsema kama wanavyonisema mimi. Halafu yuko mtu anayempenda hivyohivyo, anamngojea jua lizame.”

Sikuona ushetani katika maneno yale.

Mwenzangu anasema pia kwamba kisa cha mnyonya damu ni cha Wazungu. Hapo naomba anivumilie, kwa sababu mimi nililelewa na bibi aliyeishi Kampala enzi za ukoloni, na bibi huyo hakuturuhusu kukaa barabarani baada ya magharibi kwa hofu ya bazimamoto. Vijana wa leo wakisikia zimamoto wanafikiria gari lenye king'ora linalokimbilia moto. Kwa bibi, hao walikuwa watu waliotumwa kukamata wapita njia, kuwatia garini, kuwafungia shimoni na kuwatoa damu, na habari zao zilienea Kampala kama zilivyoenea Nairobi, na pwani wakaitwa mumiani. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya namna hiyo Uganda, Kenya na kwingineko, akachapisha kitabu juu yake mwaka 2000, na jambo ninalomheshimia ni kwamba hakuwacheka waliosimulia. Aliyachukua maneno yao kama namna ambayo watu walioishi chini ya ukoloni waliyaeleza maisha yao na utawala uliowabana. Bibi hakusoma kitabu chochote, lakini alijua kwamba damu yake inatakiwa na mtu mwenye gari na sare, na sitathubutu kusema alikosea kabisa.

Kwa hiyo mnyonya damu si mgeni kwetu. Kilichokosekana katika masimulizi ya bibi ni mapenzi. Bazimamoto hawakuwa na jina, hawakuwa na mama, hawakuumwa jino, hawakumpenda mtu. Na uvumi wa namna hiyo, ambao humtaka kila anayeusikia auamini na kuchukua hatua, bado unaua. Kusini mwa Malawi mwaka 2017 makundi ya watu yaliwaua waliotuhumiwa kuwa wanyonya damu, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Riwaya haimtaki msomaji aamini kitu. Inamwambia tangu ukurasa wa kwanza kwamba haya ni ya kubuni, kaa kitako tuyatazame pamoja. Muuguzi wangu alinieleza kwamba wapo jamaa za wagonjwa wanaomwuliza kwa wasiwasi damu inayochangwa inapelekwa wapi, na kwamba mara nyingine, kabla ya kuwaeleza habari za vipimo na hifadhi, huwasimulia kisa cha bwana mwenye chonge moja na daktari wake wa meno. Wanacheka, halafu wanauliza maswali ya kweli, yale waliyokuwa wanaona haya kuyauliza.

Naomba sasa niseme kwa nini naamini Kiswahili ni nyumba nzuri kwa riwaya hizi, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin, alipochapisha Dracula mwaka 1897, aliweka humo masharti kadhaa ambayo waandishi wa baadaye wameyapokea, wakayageuza au wakayatupa. Hata sharti la kwamba jua humwua mnyonya damu, ambalo vijana hulitaja kana kwamba limeandikwa kwenye mawe, halimo humo. Wa Stoker hutembea mchana, ila nguvu zake hupungua, na ni filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, iliyotengenezwa kabla ya filamu kuwa na sauti, iliyomwangamiza kwa mwanga wa asubuhi. Lakini sharti moja la Stoker limedumu, nalo ni kwamba mnyonya damu hawezi kuingia kwa mara ya kwanza katika nyumba mpaka mmoja wa wenyeji amkaribishe. Katika Kiingereza sharti hilo halina budi kuelezwa, na waandishi hutumia ukurasa mzima kulieleza. Katika Kiswahili linatosha neno moja. Kila mtoto aliyelelewa katika lugha hii anajua kwamba mtu husimama nje akapiga hodi, akingoja kusikia karibu, na akipiga hodi mara tatu asiitikiwe huondoka zake bila kinyongo. Waganda nao wanaita koodi mlangoni. Mnyonya damu wa Kiswahili hahitaji kufungwa na uchawi wowote: anafungwa na adabu. Hebu fikiria mwanamke aliye ndani, taa imezimwa, anasikia hodi ya kwanza na ya pili kwa sauti anayoifahamu, anajua akinyamaza mara ya tatu mtu yule atakwenda na hatarudi, na neno karibu limo kinywani mwake. Nani atakayeniambia kwamba hicho ni kisa cha Wazungu?

Tena yapo mambo ambayo Uganda peke yake inaweza kumpa mwandishi. Chukua kwanjula, sherehe ambayo mwanamume wa Kiganda hupelekwa kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wake. Hufanyika mchana. Wageni husimamishwa nje, wasemaji wa pande mbili hujibizana, na hakuna anayevuka kizingiti mpaka wenyeji waridhie. Akishaingia, ssenga, shangazi wa bibi harusi, hana budi kumtambua mbele ya watu wote, na baadaye huletwa matoke na kitoweo cha luwombo yanayofukiza mvuke ndani ya majani ya mgomba, na bwana harusi asipokula ni aibu kwa ukoo wake mzima. Sasa mtie humo mwanamume asiyevumilia jua, asiyekula chakula, ambaye hawezi kuingia asipokaribishwa, na ambaye wazazi anaopaswa kuja nao wamekufa miaka mingi iliyopita. Je, ataomba sherehe ifanywe usiku, na wakwe watafikiri nini juu ya mtu anayeomba hivyo? Atamkodisha nani awe baba yake? Mwandishi wa Minnesota hawezi kuipata riwaya hiyo hata akitaka, na sisi tunaikanyaga kila mwisho wa juma. Na kama ni kitunguu saumu anachokiogopa, basi akumbuke kwamba Waganda wamelichukua jina lake kutoka Kiswahili na kukiita katungulucumu, na kwamba wakwe wengi watakuwa wamekitia kwenye nyama bila nia mbaya.

Usiku wetu nao ni tofauti. London, mwezi Juni, usiku haufiki urefu wa saa 8, na Desemba unakaribia saa 16, kwa hiyo mnyonya damu wa huko huishi kama mfanyakazi wa msimu. Hapa tuko jirani kabisa na ikweta. Jua huzama karibu saa moja na kuchomoza karibu saa moja, Januari kama Julai, na anayempenda mtu wa usiku anajua saa ya kumngoja mwaka mzima. Mnyonya damu wetu anapotoka nje haukuti mji umelala. Anakuta wachoma nyama, wakaanga chapati na mayai, mabodaboda wamejikunja juu ya pikipiki zao, wauza ndizi wenye tadooba, vibatari vya mafuta ya taa, zinazopepea, na wauguzi wakienda zamu.

Saa zenyewe ni mtego kwa mfasiri. Yuko kijana wa chuo anayekuja mezani kwangu, ambaye kwa ajili ya kujizoeza alianza kuifasiri sura ya kwanza ya mojawapo ya riwaya hizi katika daftari. Alinipa nimsomee. Palipoandikwa kwa Kiingereza kwamba mnyonya damu alifika mlangoni mwa mpenzi wake saa mbili baada ya usiku wa manane, kijana aliandika kwamba alifika “saa mbili asubuhi”, wakati jua limekwisha kupanda na watoto wako darasani, na sentensi ya pili bwana huyo anatabasamu kana kwamba hajaungua. Tulirekebisha ikawa saa nane usiku. Nikamwonyesha pia kwamba Kiswahili kinauhesabu usiku kama kitu kamili chenye mwanzo wake, kuanzia saa moja hadi saa kumi na mbili, na kwamba kwa mtu ambaye maisha yake yote yamo ndani ya usiku, hakuna saa iliyomfaa kuliko yetu. Aliandika jambo hilo pembeni mwa daftari kwa kalamu nyekundu.

Nimemweleza pia kwamba tafsiri ya kitabu cha mtu haichapishwi bila ruhusa ya mwenyewe, na kwamba daftari lile libaki la mazoezi. Ushauri wangu ulikuwa atunge cha kwake. Njia hiyo ilikwisha kupitiwa na mkubwa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliuchukua upelelezi wa Kiingereza, akamvika mpelelezi wake jina la Bwana Msa, akamtia kiko mdomoni, akamweka Unguja, na Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, kikawafungulia mlango waandishi wengi wa riwaya pendwa waliomfuata. Leo hakuna anayesema kwamba upelelezi si wa Waswahili.

Kwa sisi wa Uganda suala hili lina uzito ambao pengine wasomaji wako wa Kenya na Tanzania hawauhisi. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nimefurahi, na naziona dalili zake mezani: wazazi wanaulizia kamusi, wanaulizia vitabu vya sarufi. Lakini wazee wengi wa hapa walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kikitoka kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari, na kwa muda mrefu kimeitwa lugha ya wanajeshi na wezi. Kilikuja kwao bila kupiga hodi. Mama mmoja aliyepita mezani akamwona bintiye akifungua kitabu cha Kiswahili alikunja uso kabla hajajua kitabu kinahusu nini, na sikumlaumu, kwa sababu niliikumbuka miaka ile. Sarufi haitauondoa mkunjo ule. Naamini utaondolewa na binti kusikia lugha hiyohiyo ikisema nimekukosa, usiku ulikuwa mrefu, fungua mlango. Mtoto akimaliza mtihani wake wa Kiswahili na asipate cha kusoma kwa raha, lugha itabaki darasani na kiti chake.

Kuhusu maktaba za shule, nakubaliana na mwenzangu katika jambo moja. Baadhi ya mifululizo hii, ikiwamo ya waandishi watatu niliowataja, imeandikiwa watu wazima, na ina sura za chumbani ambazo mimi mwenyewe simkodishii mwanafunzi; nimeziweka juu ya sanduku nyuma yangu na huuliza umri. Pia sipendi namna waandishi wengine wanavyompa mwanamume miaka 400 na mali isiyokwisha, na msichana wakampa sura nzuri tu, kisha wakaita hayo mapenzi. Mwalimu anaweza kuyajadili hayo na wanafunzi wakubwa waziwazi. Lakini kukusanya na kuchoma, kama barua ile ilivyodokeza, kutatuachia bazimamoto wa uvumi bila kumwachia yeyote riwaya ya kumpunguzia hofu.

Ninachowaomba wachapishaji wetu wa Afrika Mashariki ni hiki: watangaze kwamba wako tayari kusoma miswada ya mapenzi yenye mizimu, majini na wanyonya damu, iliyoandikwa kwa Kiswahili safi na kwa moyo mwepesi, wasiitupe kapuni kwa kuona kichwa chake tu. Vitabu viwe vyembamba, karatasi ya kawaida, bei ambayo muuguzi anaweza kuilipa bila kusubiri mwisho wa mwezi, na juzuu zitolewe kwa kufuatana ili asilazimike kujitungia ile ya tatu.

Kijana wangu ameanza. Mnyonya damu wake alikuja Jinja kufanya kazi za zamu ya usiku wakati wa ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa mwaka 1954, na hajaondoka tangu hapo. Sasa ni mlinzi wa ghala, na amempenda muuguzi. Yuko sura ya tatu na amekwama kwenye neno. Mumiani analiogopa, kwa sababu kamusi za zamani zinalieleza kuwa dawa nyeusi kama gundi ambayo watu waliamini imetokana na damu ya binadamu, na pwani bado linatisha watoto. Mnyonyaji halifai kabisa, kwani tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo limekuwa la bepari na mirija yake, na msomaji wa Tanzania atadhani muuguzi ameolewa na mwenye kiwanda. Vampaya linaeleweka, ila anasema halina mama wala baba katika lugha hii. Mnyonya damu, ambalo nimelitumia katika barua nzima kwa kukosa jingine, linaeleza kazi bila kumtaja mtu, na muuguzi hawezi kumwita mpenzi wake hivyo gizani, akiwa amesimama kizingitini, mkono kwenye komeo.

Msomaji yeyote mwenye neno zuri zaidi, la mjini au la kijijini, la zamani au la kutunga, namwomba aliandike katika ukurasa huu. Kijana husoma gazeti lako mezani kwangu kila Jumatano.

Wako katika kusoma,
Mwuza vitabu wa mtumba,
Jinja, Uganda